Chombo kikizama, nani anakuja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uokoaji baharini na ziwani

Maswali haya nimeyaokota kwenye madiko ya Unguja na Tanga na kwenye mialo ya Ziwa Victoria, ambako nimekuwa nikifundisha usalama wa majini. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya watu. Mengine mtu husubiri nimalize, ndipo anivute pembeni. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Chombo kikipata ajali baharini, ni nani hasa anayetakiwa kuja?

Kila nchi yenye pwani inawajibika kwa sehemu yake ya bahari. Kwetu kazi hiyo inaratibiwa na vituo vinavyosaidiana: kituo cha kanda cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2006 na kinachosimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kituo cha Dar es Salaam kilicho chini ya TASAC, shirika la serikali ya Tanzania linalosimamia usafiri wa meli.

Shika neno hilo "kuratibu". Wengi wakisikia kituo cha uokoaji wanapiga picha ya gati lenye boti zinazonguruma na vijana waliokwisha kuvaa maboya. Sivyo. Ni chumba chenye redio, simu, ramani na watu wa zamu. Kazi yao ni kujua meli gani ya mizigo inapita karibu, wanamaji wako wapi, KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, wanaweza kutoka Unguja saa ngapi, kuna ndege au hakuna. Boti ni za wenyewe. Kituo huziita na kuzipanga zisitafute zote mahali pamoja.

Kwa hiyo anayekuja ni yule aliye karibu mwenye uwezo. Mara nyingi huyo ni mvuvi.

Ajali imetokea Nungwi au Pemba. Mombasa inahusikaje?

Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unakwenda kwa nguvu. Chukua mtumbwi uliokufa mashine mbele ya Nungwi, mkondo ukienda noti 3. Hiyo ni kilomita 5 na nusu kwa saa. Kesho yake saa kama ile umesogea kilomita 130, na hapo uko maji ya Kenya. Anayeutafuta Nungwi anatafuta maji matupu.

Ndiyo maana nchi zilikutana Hamburg mwaka 1979 zikaandika mkataba wa utafutaji na uokoaji baharini, ulioanza kufanya kazi 1985. Bahari zote za dunia ziligawanywa kanda, kila kanda na mwenye kuiangalia. Afrika ilibaki nyuma hadi mwaka 2000, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipoziita nchi zetu Florence, Italia. Hapo yalikubaliwa makundi matano, kila moja na kituo chake: Mombasa, Cape Town, Lagos, Monrovia na Morocco. Kituo cha Mombasa kikapewa maji ya Kenya, Tanzania, Ushelisheli na Somalia.

Mistari ya kanda hizo haigawi mali wala samaki. Inasema tu nani ashike simu kwanza. Mkataba huohuo unazitaka nchi ziwape ruhusa ya haraka waokoaji wa jirani wanaohitaji kuingia kwenye maji yao. Hapo ndipo ushirikiano unapopimwa, kwa sababu ruhusa inayosubiri mtu wa kuisaini saa nane za usiku ni mkondo mwingine unaombeba yule aliye majini.

Meli kubwa ya makontena inalazimika kusimama kwa ajili yangu na ngalawa yangu?

Ndiyo. Nahodha yeyote akijua kuna watu hatarini lazima aende, mradi asiitie meli yake na watu wake hatarini. Wajibu huo umo kwenye mkataba wa usalama wa maisha baharini, ambao wa kwanza uliandikwa 1914 baada ya Titanic kuzama, na umo kwenye sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982. Haangaliwi mtu ni wa taifa gani wala alikuwa akifanya nini huko.

Shida ni akuone. Ngalawa ya mbao katikati ya mawimbi haionekani vizuri kwenye rada, na meli ile inahitaji maili kadhaa mpaka isimame. Ikikupita usiape kwamba wamekudharau. Beba kioo cha kujitazamia, uwamulikie jua. Kitambaa cha rangi kali. Tochi ya usiku. Wengine hufunga debe au kipande cha bati juu ya mlingoti, na rada hukipata chuma kuliko mbao.

Nikiita msaada nitadaiwa pesa? Na chombo changu hakina leseni.

Hili ndilo swali la kuvutwa pembeni. Kuokoa roho hakulipiwi. Kuokoa mali ni habari nyingine: ukitaka mashua yenyewe ivutwe hadi gatini na mzigo wake, mwenye tagi anaweza kukudai. Leseni itaulizwa, sikudanganyi, lakini itaulizwa ukiwa nchi kavu umevaa kanga kavu. Nimekaa na nahodha aliyefua maji kwa saa tano na vijana wake kwa kuogopa faini, simu iko mfukoni ina chaji na mtandao upo. Aliponihadithia alikuwa anacheka. Vijana wake hawakuwa wanacheka.

Kwenye redio niseme nini?

VHF chaneli 16. Sema pole pole, kama unamsomea mtu anayeandika, maana kweli kuna mtu anaandika:

"MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni mashua Subira, Subira, Subira. Tuko maili nne mashariki ya mnara wa taa wa Nungwi. Tunaingiza maji, mashine imezimika. Tuko watu kumi na mmoja, wawili watoto. Tunahitaji msaada sasa hivi."

Jina, mahali, shida, idadi. Ukikatika baada ya mahali, bado umesema la maana kuliko yote, ndiyo maana mahali panatangulia hadithi. Nimesikia wito ulioanza na tulitoka saa ngapi, nani alituuzia mashine, fundi alisema nini, na betri ikaisha kabla hatujajua wako upande gani wa kisiwa. MAYDAY ni ya hatari ya kufa. Kama mashine imezimika lakini bahari imetulia na nanga imeshika, sema PAN-PAN mara tatu, watu watajua una shida isiyo ya kifo.

Huna GPS? Taja unachokiona: mnara, mwamba, taa za hoteli, jua liko bega gani. Huna redio? Piga simu. Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Kisha mpigie mtu wa diko lako, maana ndiye anayejua mahali mnapopaita kwa jina ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na usiitumie kusikiliza muziki usiku kucha.

Kile kidude cha rangi ya chungwa chenye antena kinafanya nini?

Kinaitwa EPIRB. Kikiwashwa, au kikilowa baada ya kujichomoa kwenye kibebeo chake, kinapeleka ishara kwenye setilaiti kwa masafa ya megahezi 406, na ishara hiyo inabeba namba ya chombo chako. Mfumo huo, Cospas-Sarsat, ulianza kuokoa watu mwaka 1982 na ulijengwa kwa ushirikiano wa Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti, katikati ya vita baridi. Ukinunua cha mkononi, angalia namba imesajiliwa kwa nani. Kilichokuwa kwenye yoti ya Ulaya kikabaki na usajili wa zamani kitawafanya waokoaji wampigie mzee mmoja huko Ulaya anayekunywa chai sebuleni kwake. Ukikiwasha kwa bahati mbaya usikitupe baharini kuficha. Zima, piga simu, sema.

Wavuvi ndio hufika kwanza kila mara. Mbona hawamo kwenye mipango?

Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyobeba watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia uwanja wa Bukoba. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja alitumia kasia kusaidia kufungua mlango wa nyuma, watu wakatoka. Walionusurika ni 24, waliokufa 19. Baadaye kijana yule alipewa kazi Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Lakini fikiria alichokuwa nacho mkononi: kasia.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, mbele ya Nungwi, watu walishikilia magodoro yaliyokuwa mzigo, na boti za wavuvi na za watalii zilikuwa miongoni mwa zilizowaokota. Miili 203 ilipatikana, na tume ikaja kubaini kwamba chombo kilibeba watu zaidi ya 2,000. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini, lakini kina na mkondo wa pale havikuwaruhusu kukifikia.

Halafu kuna MV Bukoba, 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Meli ilipinduka ikabaki inaelea kifudifudi, watu waliokwama ndani wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kupitia tundu lile, na meli ikazama. Sitaki mtu asome hapa kwamba waliotoboa walikuwa wajinga. Ukisikia mtu anagonga upande wa pili wa bati utatafuta tindo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ujuzi, mwenye mamlaka ya kusema ngoja, na njia ya kumpata dakika ile.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu ushirikiano siwazi kwanza mikataba. Nawaza kila mwalo na kila diko liwe na watu wanne waliofundishwa, namba yao iwe kwenye daftari la kituo, na wao wawe na namba ya kituo. Wawe na kamba ndefu, maboya kumi ya ziada, redio moja, na mafuta yaliyotengwa. Mafuta ni jambo zito. Mvuvi akitumia lita 40 kutafuta watu wa wengine usiku kucha, asubuhi hana cha kuendea kazini, na mara ya pili atafikiri kabla hajatoka. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, BMU, vipo tayari karibu kila mwalo. Pa kuanzia pasitafutwe mbali.

Diko moja nililifika nikakuta namba ya dharura imepakwa ukutani kwa herufi kubwa. Nikaipiga palepale mbele ya wavuvi. Akapokea bwana mmoja muuza duka la vifaa vya ujenzi. Namba ilikuwa imeshahama kwa mtu mwingine. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo somo langu la kwanza kokote ni kuipiga namba ya ukutani.

Ziwa Victoria ni la nani usiku, dhoruba ikipiga?

Ramani inasema karibu nusu ni la Tanzania, Uganda inafuata, Kenya ina kama asilimia 6. Mvuvi wa dagaa mwenye karabai hajali, anafuata dagaa. Dhoruba za ziwa hili huja ghafla, nyingi usiku, na ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Nchi za Afrika Mashariki zina mradi wa pamoja wa mawasiliano na uokoaji ziwani, Mwanza pakiwa mahali pa kituo kikuu. Wakati kazi hiyo inaendelea, mnachoweza kufanya nyinyi wenyewe ni kuwa na namba za mialo ya ng'ambo. Mtumbwi wa Musoma ukipotea, upepo unaweza kuupeleka upande wa Kenya, na huko utaokotwa na mtu asiyejua kwamba unatafutwa.

Boya ninalo. Lazima nilivae?

Ndiyo, na hili ndilo jibu ambalo watu wananiitikia kwa adabu kisha hawalifuati.

Kwenye mwalo mmoja nilimwomba mzee mwenye mtumbwi anioneshe maboya yake. Akaanza kutoa nyavu, kisha turubai, kisha dumu, na chini kabisa yakatoka maboya manne. Moja panya alikuwa amezalia ndani, sponji lote limekuwa unga. Nikamwambia avae lolote nihesabu. Kamba zilikuwa zimekauka na fundo. Alipomaliza nilikuwa nimefika 96, na alikuwa amekaa, jua linawaka, hakuna wimbi, hakuna anayemshika shingo. Mtumbwi unapinduka kabla hujafika kumi.

Joto linasumbua, nakubali, na kuvuta nyavu ukiwa na boya nene ni taabu. Yapo membamba ya wavuvi. Ukinunua, usilipe kabla ya kulijaribu kwenye maji ya kifuani: vaa, kunja miguu, ona kama kidevu kinabaki juu. Yapo maboya mazuri kwa rangi ambayo ndani yamejazwa takataka. La mtoto liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, la sivyo yeye anashuka na boya linabaki juu.

Usipokuwa nalo kabisa, madumu mawili matupu ya lita 20 yaliyofungwa kamba yatamshikilia mtu mzima. Hayo hata kule ambako hakuna duka yapo.

Kwa nini mnang'ang'ania orodha ya abiria? Kila mtu anajua kivuko kinajaa.

Kwa sababu mwokoaji lazima ajue aache lini. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228. Siku ya tatu yake, watu walikuwa wameshakata tamaa, wapiga mbizi wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amepata hewa kwenye chumba cha mashine. Bila orodha hujui kama umebakiza mtu mmoja au mia moja.

Mtongwe, Mombasa, 29 Aprili 1994, kivuko kilizama mita chache tu kutoka gatini na watu 272 wakafa. Uliona ufuo unavyokuwa karibu? Kwa hiyo abiria, ukiona jina lako halikuandikwa, uliza. Na ukiona maji yamefika karibu na ukingo kabla ya kuondoka, shuka. Utachekwa, basi.

Mwalimu, sisi wanawake tunakaa kisiwani na hatujui kuogelea. Tumeshachelewa?

Hamjachelewa. Bi mkubwa aliyeniuliza hivi alikuwa analima mwani, kila siku yuko majini hadi kiunoni. Kaskazini ya Unguja mradi wa Panje umefundisha wasichana na wanawake kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi ya kujisitiri, na wafundishaji ni wanawake wenzao. Anzeni na kuelea chali, masikio ndani ya maji, pumzi taratibu. Mtu anayeelea dakika kumi anaweza kufikiwa. Mbwembwe za mitindo zitakuja baadaye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Hao hawakuwa kwenye meli. Walikuwa kisimani, kwenye ndoo, kwenye shimo la matofali lililojaa mvua. Funikeni visima.

Tulimtoa mtoto majini, tukamning'iniza kichwa chini maji yatoke. Tulikosea?

Mlifanya mlichofundishwa na wazee, lakini ndiyo, msirudie. Maji ya tumboni si tatizo. Tatizo ni hewa. Mlaze chali pagumu, inua kidevu, na kama hapumui mpulizie pumzi tano mdomoni ukimbana pua. Kisha bonyeza kifua katikati mara 30, kwa haraka na kwa nguvu, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka bado apelekwe hospitali, hata kama anasema yuko sawa.

Na usimrukie anayezama kama hujui kuokoa. Atakupanda kichwani, si kwa ubaya. Mfikie kwa upondo, au mrushie dumu lenye kamba.

Hilo shirikisho la waokoaji wa dunia linatuhusu nini?

Lilianza mwaka 1924 London kama mkutano wa vyama vya boti za kuokolea, sasa linaitwa IMRF. Waokoaji hubadilishana mafunzo na makosa yao, kitu ambacho serikali huona haya kufanya. Kuna vyama kama RNLI ya Uingereza, ya tangu 1824, ambayo wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea wanaoacha duka au benki simu inapolia. Nikiwasimulia hilo wavuvi wa Kizimkazi huniuliza: "Na mafuta analipa nani?" Michango ya watu. Tarehe 25 Julai, siku ya kuzuia kuzama iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021, ni nafasi nzuri ya kuitisha mchango kama huo dikoni.

Nimefika salama, kumbe nyumbani wamenitangaza nimepotea. Nifanye nini?

Piga simu sasa hivi, kabla ya kuoga na kabla ya kula, kwa yeyote uliyesikia anakutafuta, na umwambie awajulishe wengine. Nahodha mmoja alikimbilia kisiwa cha jirani upepo ulipobadilika, akalala kwa shemeji yake. Mitumbwi sita ilizunguka hadi alfajiri ikimwita jina. Mmoja wao ulirudi unavutwa kwa kamba, mashine imekufa, na wa kwanza kuupokea ufukoni alikuwa yeye, anapiga mswaki.